Alama Nane na Nusu

Musimbi anasema filamu za mwaka huu ni maji ya kuoshea mchele.
Anasema hayo mlangoni pangu, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma,
wala hajalipa kiingilio.

Mimi nina ushahidi. Nina daftari,
kurasa mia mbili, jalada limeguguniwa na panya,
na tangu nifungue ukumbi huu hapa Luanda, nyuma ya kinu cha unga,
kila filamu nimeiandikia alama zake juu ya kumi,
usiku, kabla ya kuhesabu pesa,
maana pesa humfanya mtu asifu hata takataka.

Basi tukajumlisha.
Mwaka jana: filamu mia na nne, wastani saba nukta mbili.
Mwaka huu, hadi juzi: tano kasoro.
Na mwaka huu ndio nina skrini ya inchi hamsini na tano,
spika zinazotetemesha soda kwenye kreti,
picha safi hadi unahesabu vinyweleo vya jambazi.
Mwaka jana televisheni ilikuwa ya kichogo,
ukijani umeganda usoni pa kila mtu,
bwana harusi na maiti rangi moja,
na mvua ya saa kumi ikishapiga mabati
hakuna aliyesikia neno.

Ila tulikuwa na Ogola.
Alisimama kando, mpini wa ufagio mkononi, akatutafsiria.
Kikorea, Kihindi, Kichina, vyote alivijua
jinsi alivyojua uzito wa omena: kwa kukadiria.
"Sasa anamwambia mama mkwe, ng'ombe wako nilimaliza kulipa!"
Watu wakaanguka kwenye mabenchi.

Machi akaenda Kitale kwa dadake. Hakurudi.

Jana, ukumbi mtupu, nikaitoa ile ya nane na nusu,
ya mwanamke anayepanda mlima wa theluji peke yake.
Ogola alituambia anatafuta kaburi la kakaye
aliyezikwa ugenini bila wa kumlilia.
Wauza mboga walilia. Musimbi alilia.
Mimi nilijifanya natengeneza waya.
Kwenye skrini mpya maandishi yanaonekana chini ya picha. Nikayasoma.
Anatafuta funguo za gari.
Mlima wote ule. Funguo.
Mwishoni anazipata, anacheka.
(Ogola alisema kicheko kile ni cha mtu aliyemaliza machozi.)

Kwa haki ni tatu. Tatu na nusu, kwa ajili ya theluji.
Kalamu nimeishika tangu asubuhi.
Nikifuta, namfuta nani?
Ile tuliyoiona haimo kwenye diski hii,
haimo dukani Kisumu, haikuwahi kupigwa picha popote,
na bado namkumbuka yule kaka, hata jina lake:
Ogola alimwita Were, akasema alipenda viazi vitamu.

"Kwa hiyo umeshinda mwaka gani?" Musimbi anauliza.
Namwambia alipe kiingilio kwanza.