Macho Yaangalie Juu

Jumamosi ya tatu ya Februari tumeshuka tena kwenye kijito cha Alvém,
watu kumi na wanne, koleo tisa, nyundo za mbao mbili,
na mbwa wa Graciete ambaye hakualikwa.
Njia ya zamani haipo. Tunamfuata Albano,
aliyekuwa akiijua kwa miguu, sasa anaikisia.

Majivu yameshaoshwa juu, lakini ukikanyaga
yanapumua.
Misonobari imesimama, myeusi, wima,
kama watu walioitwa majina na hawajaruhusiwa kukaa.

Kazi yenyewe haina fahari.
Unakata mwerebi bonde la pili, ambako moto uliruka,
vijiti vya urefu wa mkono, unene wa kidole gumba,
unavilaza ndooni usiku kucha,
asubuhi unavishindilia ukingoni, theluthi mbili ndani ya tope,
theluthi moja nje, kuonja hewa.
Basi.
Mvua ikiwa na huruma, vitashika.
Ikiwa na hasira, vitakwenda baharini pamoja na udongo.

Cha kwanza nilikipanda kichwa chini.
Deolinda, miaka sabini na tisa, magoti ndani ya maji,
alikichomoa bila kuniangalia:
"Macho yaangalie juu, mwanangu. Hiki si popo."
Akanionyesha kwa ukucha vichipukizi vilivyolala,
vidogo kuliko punje ya mchele,
na mimi, niliyesoma miaka kumi na sita mjini,
nikajifunza juu na chini.

Saa nne akaja Firmino.

Hakuna aliyesema neno. Nyundo zilisita, zikaendelea.
Wote tunajua: Agosti, saa saba mchana,
mashine yake ya kukatia majani, jiwe, cheche moja.
Alikuwa akisafisha shamba kama Lisboni ilivyoagiza
ili moto usije.
Ukaja.
Nyumba kumi na moja. Mizinga ya nyuki ya Albano.
Zizi la Graciete na vyote vilivyokuwamo.
Mahakama ilimwachia.
Mkahawani hajaachiwa bado.

Alikuwa na mzigo wa vijiti begani, kamba ya buluu,
mzigo wa watu wawili.
Akautua mbali nasi, kwenye kona ambako ukingo umemeguka vibaya zaidi,
akapiga magoti, akaanza kwa kiganja kitupu,
maana nyundo zilikuwa mbili tu
naye si mtu wa kuomba.

Nilimtazama Albano. Albano alitazama maji.
Maji yalikuwa yakipita na rangi ya chai kali,
na juu ya jiwe ndege mmoja mnene, kifua cheupe,
anainama, anainuka, anainama,
kisha huyo, akazama kichwa mbele
kana kwamba huko chini kuna kilichobaki.
Akaibuka na kitu mdomoni.

"Kuna wadudu," alisema Albano, akimwambia nani sijui.
Akavuka kijito na viatu vyake,
akasimama juu ya Firmino kwa muda ulionichosha moyo,
akamnyooshea nyundo, mpini mbele.
"Hapo ni mwamba," alisema. "Sogea kushoto."

Sikusikia zaidi ya hapo. Sidhani kulikuwa na zaidi.

Jioni tulihesabu: vijiti mia tatu na arobaini.
Graciete hakumuaga Firmino. Alimwekea mkate juu ya jiwe,
akaondoka na mbwa wake.
Mbwa akarudi, akaula nusu.

Aprili nimeshuka peke yangu.
Mia na ishirini vimekufa, nimevigusa kimoja kimoja.
Vingine vina jani, majani mawili;
kwenye kona ya Firmino, karibu vyote.
Na penye mwamba kuna kimoja kilichopandwa kichwa chini,
sijui na nani, hakuna aliyekiona siku ile:
kimekunja chipukizi lake kama kiwiko
na kinageuka, taratibu, kulitafuta juu.

Sijamwambia Deolinda.