Watu wa Upanga

Desemba, Leicester. Theluji imekuwa tope mlangoni.
Baba amefunga duka mapema, anafuta upanga wa kukodi
kwa kitambaa kile kile cha mizani.
Kesho kaka Hitesh ataushika akienda kuoa,
maana sisi Walohana, asema Baba, tulikuwa wapiganaji
kabla hatujawa wauza dengu.

"Sisi ni watu wa upanga!"

Bibi Rambha haachi kuchambua choroko.
"Naam, Upanga," ajibu, kwa Kiswahili alichovuka nacho.
"Dar es Salaam. Ghorofa ya pili. Maji hayapandi."

Tunacheka, hata Baba,
ila mimi nakumbuka usiku wa kioo kuvunjwa,
vijana wakipiga kelele turudi kwetu,
na Baba, chini ya kaunta, akipapasa simu.
Bibi alishuka na gauni la kulalia,
kandambili, jiwe la mizani mkononi, la kilo mbili,
akasimama katikati ya barabara
bila neno
mpaka wakatawanyika, mmoja mmoja.

Upanga utarudishwa Jumatatu.
Jiwe lipo.
Linazuia mlango wa stoo usijifunge.