Kitufe cha Msaada

Herufi zilikuwa kubwa mno, Ausma.
Dirisha moja limemeza skrini nzima,
neno "Faili" limenenepa kama namba ya tramu
niliyoiendesha Liepāja miaka thelathini.
Barua ya kampuni ya gesi haikuenea,
nusu ya deni ndani, nusu imebaki nje ya ukingo.
Nikasema: mashine imezeeka, imevimba miguu.

Rihards wa ghorofa ya chini akacheka mlangoni:
"Bonyeza F1, mzee. Kuuliza si ujinga."
Basi nikauliza.

Msaada ukafunguka kama kabati la mtu mwingine.
Kushoto, Yaliyomo: vitabu vidogo vya zambarau,
ukikigusa kimoja kinazaa vingine,
na ndani ya hivyo, alama ya kuuliza.
Nikaingia "Kuanza". Nikatokea "Mtandao".
Nikapotea kwenye "Printa",
nikaambiwa nihakikishe imechomekwa ukutani.
Imechomekwa. Hata mimi nimechomekwa, ila siwaki.

Faharasa nayo inataka ujue jina la usichokijua.
Nikaandika: kubwa.
Ikanipa: faili kubwa, namna ya kuzibana.
Nikaandika: kuvimba. Hakuna mada iliyopatikana.
Nikaandika, kwa kuwa hakuna aliyeniona, jina lako.
Hakuna mada iliyopatikana.
Jaribu neno jingine, ikasema,
kwa adabu ya karani wa benki anayetazama saa.

Kilibaki kichupo cha mwisho, Vipendwa.
Nilidhani kitupu. Nani anapenda kurasa za msaada?

Kukuza maandishi.
Kioo cha kukuza: kukiwasha na kukizima.
Nyeupe juu ya nyeusi.
Kielekezi kisipoonekana.
Msimulizi: kompyuta ikusomee kwa sauti.
Msimulizi: kompyuta ikusomee kwa sauti.

Huo wa mwisho umeuhifadhi mara mbili,
kama mtu aliyerudi kuuliza njia ileile
kwa sababu mara ya kwanza hakuiona.

Tangu lini, Ausma?
Yale magazeti uliyonisukumia baada ya supu ya biti:
"Nisomee, sauti yako inapendeza jioni."
Nami nikakohoa, nikanyoosha mabega,
nikasoma hata tanzia, hata bei za makaa ya mawe.
Ule mkono wako begani mwangu kwenye ngazi za posta,
nikawaringia majirani: mnaona,
miaka arobaini na mmoja, bado ananishika.

Hukuniuliza mimi. Uliiuliza mashine,
usiku, labda, nami nakoroma upande wa pili wa ukuta,
ukabofya, ukainama hadi pua ikagusa kioo,
ukabofya.

Ukurasa niliotaka nimeupata. Hatua ni tatu tu:
fungua, sogeza kitelezi kushoto, kubali.
Nikasogeza mpaka deni lote likaingia, nikachapa,
kisha nikakirudisha kitelezi pale ulipokiacha.

Nimeshuka stoo kutafuta jemu.
Mitungi ya Septemba imejipanga ukutani,
kila mmoja umeandikwa PLAMU kwa kalamu nene,
herufi za ukubwa wa kiganja,
neno limezunguka kioo mpaka U imeikanyaga P.
Nilikukemea siku ile: wino unaisha bure.
Ukasema, bila kugeuka,
"Ni ili wewe usikosee."