Jiwe la Nne

Nyumba njema si mlango, tulifunzwa.
Ya kwangu, wema wote uko mlangoni:
mvule mzito, misumari ya shaba
yenye vichwa kama vifungo vya koti,
na juu yake, kwenye chokaa, mwaka wa kujengwa
ambao tarakimu yake ya mwisho imedondoka.
Elfu moja mia tisa ishirini na nini?
Shabani Owuoth, anayeiuza, anasema tano.
Muuza mafuta ya taa wa ng'ambo anasema tisa.
Mimi nimelipa bila kujua.

Fungua uingie ndani:
dari imelegea kama mkeka uliolowa,
popo wamehamia chumba cha hesabu
ambamo Hirji alipima pamba na kudai madeni,
na ukutani, usawa wa nyonga yangu,
mstari wa kahawia, umenyooka kama wa rula.
Ziwa lilifika hapa, likasimama,
likatazama, likarudi.
"Mara moja tu," akasema Shabani.
Kisha, kwa kuwa ni mtu wa swala tano,
"Mara mbili."

Miaka thelathini na mmoja nimegonga mihuri
posta ya Nakuru, barua za watu wengine.
Wakanipa kiinua mgongo.
Nikakitwaa chote,
nikanunua nyumba yenye mgongo uliopinda.

Wifi yangu Peresi alipiga simu kutoka Rangwe.
Hakusalimu.
"Boma la kaka yangu lina nyasi za kiunoni,
nawe unanunua duka la Mhindi Kendu Bay?
Ukifa tukuzike chini ya kaunta?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Swali lake bado sijalijibu;
nalibeba mkobani pamoja na risiti.

Siku ya mipaka alikuja mpima ardhi, Bwana Nyasimi,
mwavuli kwapani, ramani imekunjwa hadi imechanika.
Jiwe la kwanza: chini ya mwarobaini.
La pili: watu wamelinolea panga hadi likabonyea.
La tatu lilikuwa ndani ya banda la kuku la jirani;
tuliwaomba radhi kuku.
La nne
akalitembelea, akihesabu hatua kwa sauti,
akakwama penye gugumaji, viatu vikinywa.
Akanyosha kidole ziwani,
mbele ya kijana aliyekuwa akiosha pikipiki.
"Lako liko kule, mama. Mita kumi na mbili.
Kisheria, maji yale ni yako."

Nikatia sahihi.
Nani mwingine posta nzima
amestaafu akamiliki mawimbi?
Yamo kwenye hati: sifuri nukta sifuri nane ya hekta,
zaidi au pungufu.
Zaidi au pungufu!
Sijawahi kusoma maneno ya kweli kuliko hayo
kwenye karatasi ya serikali.

Ambacho hati haikukitaja ni baraza.
Jumatatu nilikuja na ufunguo, nikamkuta Bi Atoti,
cherehani yake imeamka kabla yangu,
miguu yake ya chuma imechimba sakafu
vishimo vinne, vya miaka mingi.
Hakuniuliza mimi ni nani.
"Huo huzungushwa kushoto," alisema, uzi mdomoni.
"Ukiulazimisha kulia utakatika,
kama ulivyokatika siku Hirji anaondoka."
Kodi? Hakuna aliyewahi kumdai.
Mwaka? Aliinua macho kwenye chokaa, akayashusha.
"Sita. Bibi yangu aliibeba chokaa hiyo,
na mama yangu mgongoni."

Nikazungusha kushoto.

Leo nimemletea kitambaa cha maua, jora zima,
mapazia ya madirisha sita.
Akaingia ndani na futi yake shingoni,
akapima upana, mara moja, kila dirisha.
Urefu hakuupima.
Alisimama ukutani, akaweka kiganja
juu kidogo ya ule mstari wa kahawia.
"Tutayakomesha hapa," alisema,
"yasije yakalowa."