Chembe

Bi Time wa Mkomani aliweka kidole
pale mbavu zinapokutana, akasema:
"Hapa. Kwenye chembe cha moyo. Yeo siku ya tatu."
Daktari, mgeni wa juzi, akaandika: maumivu ya moyo.
Nikamgusa kiwiko.
Si moyo, daktari. Ni tumbo, juu kidogo.

Nikamtoboa kidole, nikatandaza tone kwenye kioo,
nikangoja rangi ikauke, nikainamia hadubini.
Chembe.
Nyekundu, zimebonyea katikati
kama vitumbua vilivyokosa hamira.
Kazi yangu ni kuzihesabu.
Leo neno lilinipotezea hesabu mara mbili.

Kwa sababu baba alikuwa nalo kabla yangu.
Alikwenda Mangai kununua asali, akarudi na mtungi
na chembe cha mshale, msumari uliofuliwa,
weusi wa sumu ungali shinani.
Kilikaa kwenye zidaka, juu, tusikifikie.
Kimoja, chembe. Viwili, vyembe.

Na Fundi Lali, akichekecha mchanga kule Langoni,
alionja kwa ncha ya ulimi, akamwaga karai zima:
"Chembe moja ya chumvi hii
italia ukutani miaka kumi."
Moja, chembe. Elfu, chembe.

Shuleni Mwalimu Athman aliandika ubaoni:
chembe, kitu kisichogawanyika.
Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine, akaigawanya,
akaita vipande majina yasiyo na jamaa hapa mjini.
Hakuna aliyetuomba radhi.

Nani aliyelihamisha neno kutoka ngeli hadi ngeli?
Sidhani kuna kikao kilichoketi.
Chini ya kifua pana kifupa chenye ncha,
kiguse, utakipata.
Huenda mshale ulitangulia, mfupa ukafuata,
kisha chochote kidogo
kinachoweza kuingia mwilini bila hodi.
Huenda sivyo. Mimi ni mtu wa maabara,
nasema ninachokiona, na hili silioni.

Dirishani Bi Time anagonga kwa pete.
"Umeona nini humo?"
"Chembe zako zimepungua, bibi."

Anashika tena pale pale, chini ya mbavu,
anawageukia waliokaa kwenye benchi:
"Si niliwaambia? Chembe.
Tangu asubuhi nasema chembe,
wao wananipima damu."