Sikumpitia Mtu

Nati ya sita ndiyo iliyokataa.
Tano zilikuja kwa spana na matusi madogo;
ya sita, gurudumu la nyuma, upande wa dereva,
ilifungwa na mkono wa baba
mwaka ule wa bei nzuri ya korosho,
na kutu ikaiziba mdomo.
Fundi Nantipi akaimwagia dizeli,
akaketi juu ya jeki iliyokufa, akasema,
"Tuiache inywe."

Tukaiacha inywe.
Tandahimba, saa saba ya mchana,
matairi mapya yameegemea ukuta wa gereji kama washenga:
mapana, meusi, yananukia duka,
meno yao marefu hayajaonja mchanga wa huku.
Nimeyanunua Masasi kwa malipo ya mnada wa pili,
na rimu zake za mtumba, zimekwaruzika ubavuni.
Muuzaji aliniuliza, "Gari ni la nani, dada?"
Akauliza tena.
Mara ya pili nikamhesabia noti.

Msinicheke. Masika yaliyopita
nililala njia ya Mahuta na magunia ishirini ya salfa,
tumbo la pikapu limekalia tuta la katikati,
magurudumu yanazunguka, hayagusi kitu,
kama miguu ya mtoto aliyebebwa kwa nguvu.

Nati iliachia alasiri, kwa kilio kimoja.

Tairi la kwanza likaingia, likakaa, likapendeza.
Kijana wa gereji akapiga mluzi.
Nikakata usukani kushoto: krrr.
Kulia: krrr.
"Linakula madigadi," alisema Nantipi.
"Mguu umekua, suruali ni ile ile."
Akawasha grainda.
Cheche zikarukia rangi ya samawati
ambayo baba aliipaka kwa brashi ya nyumba,
Ijumaa tatu mfululizo, baada ya swala.
Nikageuza uso, nikajifanya natafuta soda.

Sasa liko juu. Linachungulia nyua za watu.
Kwenye mlima wa Newala gia ya pili inahema,
narudi ya kwanza, nyuma yangu wananipigia honi.
Mafuta linakunywa kama mgeni asiyejua bei.
Breki nimejifunza kuziomba mapema.
Na mama hapandi mpaka tumpindulie ndoo ya rangi,
akanyage, ashike mlango,
atamke neno moja la Kimakonde
ambalo sitaliandika.

Hayo nayabeba.
Kinachonisumbua kimo ndani ya kisanduku cha dashibodi:
daftari la baba, kalamu ya bluu, safari kwa safari.
Tandahimba hadi Mtwara mjini, tisini na tano.
Tisini na tano. Tisini na tano.
Mara moja tu tisini na saba, na pembeni ameandika:
"nilimpitia Mchopa."

Jumanne nimekwenda mimi.
Njia ile ile, Nanyamba ile ile,
sikukata kona wala sikupita porini.
Mita inasema themanini na tatu.
Gurudumu kubwa likijizungusha mara moja
linameza ardhi zaidi ya dogo,
na mita, maskini, inahesabu mizunguko,
ardhi haiioni.
Mshale ukisoma sitini, mimi niko karibu sabini.
Tunaingia mjini, mizani ya ghala hii hapa,
na gari bado linadhani liko njiani.

Nantipi anasema kipo kigia kidogo cha plastiki,
kwenye waya wa mita, kinabadilishwa,
pesa ya chai tu, na mita itasema kweli.
Nimemwambia asubiri.
Nimefungua ukurasa mpya,
nikauchora mstari katikati kwa ubao wa sabuni,
kushoto nimenakili yake, kulia nimeweka yangu.
Tisini na tano. Themanini na tatu.
Na pembeni, kwa kalamu nyeusi, maana ya bluu imekauka:
"sikumpitia mtu."