Daftari la Kibokoni

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
nikijiita mwandishi kwa kuwa hapakuwa na wa kunikanya.
Nilishuka kutoka Wundanyi na sweta nisilolivaa tena,
nikapata kazi Kibokoni, orofa ya pili.
Ngazi kumi na tisa. Ya kumi na moja imeoza: iruke.

Kazi yenyewe, kunakili madaftari ya marehemu
Mahfudh bin Shee, muuza leso,
kabla mchwa hawajamaliza kuyasoma.
Mjane wake, Bi Mwanamize, alinilipa kila Ijumaa,
pesa kidogo, mkate wa sinia, na lawama.
"Mkawasi, waandika mno. Andika kilichoko."

Kilichoko kilikuwa hiki:
*Kisutu, doti moja. Mamake Rukiya. Harusi imeahirishwa.*
*Doti mbili. Yule wa Mkanyageni asiyesalimia.*
*Doti moja. Atalipa akijifungua.*
Hajalipa. Hajalipa.
Kafa, hajalipa.

Usiku niliandika hadithi yangu, ile iliyonileta mjini,
bahari kila ukurasa, na machozi ya kukodi.
Asubuhi nikiisoma, imechacha.
Na marehemu, kwa maneno manne,
keshamsimamisha mtu mzima mlangoni,
anahesabu sarafu asizonazo.

Jumanne moja akaja mwanamke kutoka Kisauni,
kulipa deni la mamake.
Shilingi kumi na nne, tangu mwaka wa sabini na moja.
Mamake alilitaja hospitalini,
katikati ya mambo mengine yasiyoeleweka.

Nikatafuta mpaka adhuhuri. Lilikuwapo:
*Doti moja, ya buluu. Tima Kombo. Asema kesho.*
Nikachukua rula nilikate.
Bi Mwanamize akanidaka kifundo cha mkono.
"Pesa n'tazila," akasema, akizitia kifuani.
"Mstari uwate."

Mgeni akaomba auguse.
Akaweka kidole juu ya *kesho*,
akakawia. Chini, mtu alikuwa akigombana na bomba la maji.

Sikuimaliza kazi. Daftari la tisa mchwa walinitangulia.
Ile hadithi ya bahari imepotea,
hata jina la shujaa wake silikumbuki.
Siku ya kuondoka, kwa haraka, mizigo mkononi,
nilisahau kuruka.
Ubao ukakatika, mguu ukazama hadi gotini,
na Bi Mwanamize juu akicheka hadi akakaa chini.
Nikamwambia nitarudi kuutengeneza.
Akauliza lini.
Nikasema kesho.